Gesi Tumboni mwa Mama Mlezi

Msiitafute Tulivuni kwenye ramani. Ramani zote zilikusanywa na Serikali mwaka ule ilipogundulika kwamba nchini humo kuna mlima mrefu kuliko sanamu ya Mlezi wa Taifa, na mlima wenyewe ukakataa kupunguzwa. Lakini nchi ipo, na watu wake wapo, wametulia. Kutulia ni sheria. Asiyetulia huzikwa, na aliyetulia kupita kiasi huzikwa vilevile, kwa hiyo hakuna upendeleo.

Haya ninayowasimulia mengine niliyaona. Yale nisiyoyaona nilielezwa na watu waliokatazwa kuyaeleza, ndiyo maana nayaamini zaidi.

Mji mkuu wa Tulivuni hupata umeme wake wote kutoka kwenye transfoma moja. Ni kubwa kama nyumba ya ghorofa, imejaa mafuta hadi shingoni, na hunguruma mfululizo kama mtu anayesali kwa hasira. Siku ya kuizindua, Mlezi aliipa heshima ya marehemu mama yake. Ikaitwa Mama Mlezi, ikawekewa walinzi, na kila sikukuu ya taifa ikavalishwa doti mpya ya kanga juu ya zile za zamani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kumvua nguo mama wa Mlezi. Kanga zikaziba mapezi ya kupozea. Mashine ikaanza kutokwa jasho la mafuta. Magazeti yakaandika kwamba Mama analia kwa furaha.

Mhandisi wa kituo hicho aliitwa Salha Mwinchande, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mkaidi wa moyo. Alisoma ng'ambo, na wenzake waliporudi na magari yeye alirudi na uzi.

Ulikuwa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, wa aina ile inayopitisha mwanga badala ya umeme. Ncha yake ilipakwa paladi, madini yenye tabia ya ulevi: hunywa haidrojeni kama sponji inavyonywa maji, na ikishanywa huvimba. Ikivimba, mwanga unaorudi ndani ya uzi hubadilika, na skrini ikaonyesha gesi ni kiasi gani. Mafuta ya transfoma yakianza kuungua kwa ndani, au cheche zikianza kuruka pasipotakiwa, haidrojeni ndiyo gesi ya kwanza kutoka. Hutangulia moshi, hutangulia mlio. Na waya wa kawaida hauwezi kazi hiyo, kwa sababu ukiutia tumboni mwa mashine yenye umeme mkali kiasi kile, hubabaika ukaanza kusema uongo. Kioo hakibabaiki. Kinasema kilichopo. Nadhani ndiyo maana hakikuwahi kupewa uraia.

Salha alikuwa ameagiza sanduku zima la nyuzi hizo. Forodhani walizizuia kwa kuwa ni macho ya kigeni, isipokuwa mmoja ambao ofisa alidhani ni wa kushonea. Huo mmoja akauingiza tumboni mwa Mama Mlezi kupitia vali, akakaa mbele ya skrini.

Mumewe, Swedi Likungu, alikuwa mwalimu wa jiografia. Kufundisha jiografia katika nchi isiyo na ramani si kazi ndogo. Alikuwa akichora mito hewani kwa kidole, na wanafunzi wakiinakili kwa macho. Jioni walikaa barazani, yeye akimwita mkewe Mama Nasra, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, mkewe akimwita Mwalimu, na walipendana kwa namna ya watu wasio na kitu kingine cha kufanya baada ya taarifa ya habari.

* * *

Gesi ilipoanza kupanda, Salha aliomba kuonana na Waziri wa Umeme na Utulivu.

Waziri aliitwa Mheshimiwa Donati Kilumanga. Alikuwa na vidonda vya tumbo na sauti nzuri. Alimpokea mbele ya wakurugenzi wake wote, kwa sababu hakupenda kusikia habari akiwa peke yake. Habari ikiwa mbaya, alitaka awepo mtu mwingine wa kuisikia kwanza.

"Sema, Mhandisi."

"Mheshimiwa, Mama Mlezi ana gesi."

Wakurugenzi wakaziba masikio. Mmoja, mwenye akili za haraka, akaanguka akazimia, na akiwa chini akafumbua jicho moja kuona nani mwingine amezimia.

"Ana nini?" Waziri akauliza taratibu.

"Gesi, Mheshimiwa. Tumboni. Na inaongezeka kila siku."

"Mama mzazi wa Mlezi wa Taifa," alisema Waziri, "marehemu, mwenye heshima zake, ana gesi tumboni. Na wewe umejuaje?"

"Nimemwingizia uzi."

Kwa maneno hayo mawili peke yake watu wamewahi kufungwa maisha. Lakini Waziri hakukasirika. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza wimbo wa zamani, kisha akawaamuru wakurugenzi watoke, pamoja na aliyezimia, ambaye alitoka akitembea.

"Hebu nifafanulie," akasema walipobaki wawili. "Huu uzi unaingia tumboni, unajua kinachochemka humo, kabla hakijatoka nje?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo kazi yake. Inabidi tuizime mashine, tuvue zile kanga, tusafishe mafuta, tutafute cheche zinatoka wapi. Tukichelewa italipuka."

"Kabla hakijatoka nje," Waziri alirudia. Hakuwa amesikia mengine.

Ni lazima nieleze hapa kwamba manung'uniko ya nje yalikuwa yamekwisha kabisa nchini Tulivuni. Hata wagonjwa hospitalini walikuwa wakiguna kwa ruhusa. Lakini Serikali ilikuwa na wasiwasi kuhusu manung'uniko ya ndani, yale ambayo mtu huyameza pamoja na mate. Kwa miaka mingi wataalamu walishindwa kuyafikia.

"Nipe uzi wako," alisema Waziri. "Niazime tu. Na mimi nakuahidi, mbele ya Mungu, hiyo mashine nitaizima."

"Ukiutoa uzi, Mheshimiwa, hatutajua tena hali yake."

"Si tumeshajua? Umeniambia mwenyewe ina gesi. Unataka kujua mara mbili?"

Salha alifikiri. Uzi bila kuzima mashine ulikuwa kazi bure. Kuzima mashine bila uzi kulikuwa ushindi. Alikwenda kituoni, akauchomoa, akaupeleka wizarani mwenyewe, umekunjwa ndani ya kitambaa safi.

* * *

Majaribio ya kwanza yalifanywa uwanjani, mbele ya umati. Mtu alipuliza pumzi kwenye mrija, ncha ya uzi ikainywa, na skrini kubwa iliyoelekezwa kwa watu ikaonyesha namba. Salha ndiye aliyeteuliwa kuendesha mtambo, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeujua.

Walianza na wachukuzi wa sokoni. Namba zikaruka. Wakafuata wafagiaji wa barabara, namba zikaruka zaidi. Wakaletwa wakuu wa idara, watu wa nyama choma na mishikaki: sifuri, mbili, sifuri. Umati ukapiga makofi. Ikathibitika kisayansi kwamba uzalendo huongezeka kadiri cheo kinavyopanda.

Salha alimfuata Waziri nyuma ya jukwaa.

"Mheshimiwa, haya si manung'uniko. Haya ni maharage. Mtu akila maharage, yanachachuka utumboni, yanatoa haidrojeni, inapita kwenye damu, inatoka na pumzi. Masikini wanakula maharage kila siku. Mtambo unasoma chakula."

Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli. Alikuwa mtu wa huruma nyingi, ila hakupenda kuitumia.

"Mhandisi, unanidhania mimi mjinga? Nilishamuuliza daktari wangu siku ileile uliponiletea uzi. Maharage, ndiyo. Sasa nikuulize wewe: unajua ilivyo kazi kumkamata mtu asiye na kosa? Mashahidi wanasahau walichofundishwa. Mahakimu wanakohoa. Ndugu zake wanalia redioni. Sasa wewe umeniletea kitu ambacho mtu anajishuhudia mwenyewe kwa pumzi yake, mchana kweupe, na mama yake akiwa pale anaona. Na sihitaji hata kumpiga. Nahitaji kumlisha."

Ndivyo ulivyozaliwa Mpango wa Taifa wa Lishe.

Gari jeusi lilikuja mchana, likasimama mlangoni kwa mtu, askari wawili wakashusha sufuria la maharage ya moto yaliyoungwa kwa nazi, na salamu za Serikali. Kukataa zawadi ya Serikali ni kosa. Kumwaga ni kosa kubwa zaidi. Askari walisimama wakisubiri sahani ziishe, na yaliposalia walisema kwa adabu, "Ongeza kidogo, Mzee, usituangushe." Kesho yake mtu aliitwa uwanjani.

Msidhani watu walikula kwa huzuni tu. Yalikuwa maharage matamu sana, nasikia. Mjane mmoja wa mtaa wa Kisimani, aliyekuwa hajala vizuri tangu mumewe achukuliwe, alimaliza sufuria peke yake, akalamba mwiko, akauliza kama kesho yake atapata tena kabla ya kwenda. Askari walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Uwanjani alivunja rekodi.

Mitaani watu walianza kujipaka mafuta ya nyama midomoni ili waonekane wametoka kula mshikaki. Ndugu wawili waliogombea kiwanja cha baba yao walipelekeana sufuria: kila mmoja alikwenda kwa siri wizarani kumwombea mwenzake lishe, wakakutana kwenye foleni, wakasalimiana vizuri tu. Na gari jeusi lilipopita bila kusimama, majirani walijifungia ndani wakafurahi kimyakimya, kisha wakasikiliza limesimama kwa nani.

Mashine ya Mama Mlezi haikuzimwa. Magereza yalipojaa, Serikali ikatafuta mahali pengine penye ukuta mrefu, seng'enge na alama ya fuvu, ikaona mahali hapo papo tayari. Wafungwa wakajengewa banda la mabati ndani ya uwanja wa transfoma, hatua chache kutoka kwenye tumbo lake.

* * *

Walimu wa jiografia waliandika ombi la heshima, wakiomba warudishiwe angalau ramani ya ziwa moja. Walisema ziwa si refu.

Gari jeusi likasimama kwa Swedi Likungu.

Salha alikuwa jikoni. Alisikia breki, akatoka akikausha mikono kwenye kanga, akawakuta askari wameshaingiza sufuria sebuleni. Mkuu wao aliitwa Afande Mpoki, kijana wa mtaani pale pale, aliyewahi kufundishwa na Swedi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Mpoki. "Umeletewa chakula."

"Marahaba. Kaa basi tule wote."

"Hapana, Mwalimu. Sisi tunakula nyama."

Salha alimvuta Mpoki pembeni. "Afande, mimi ndiye ninayeendesha ule mtambo. Umekosea nyumba."

"Sijakosea, Mama. Waziri kasema nikwambie hivi: mtambo ukiwapima wengine tu na kuacha wa kwako, watu watasema hauna haki."

Swedi alikuwa amekwisha kukaa mkekani. Akanawa. Salha akakaa karibu naye, akachota maharage ili apunguze mzigo, Mpoki akamshika mkono kwa upole akaurudisha.

"Mwalimu," Salha alisema kwa sauti ya chini, "kula polepole. Kesho ukipuliza, pumzi ya mwanzo iache itoke puani, kisha puliza kidogo sana."

"Itasaidia?"

Salha akamkunjia mkono wa shati.

"Basi nitapuliza kama mtu mzima," alisema Swedi, akachukua kijiko. "Yana nazi nzuri. Nani amepika, Mpoki?"

"Mama yangu, Mwalimu. Amepata kazi kwenye Mpango."

"Mwambie asante."

Uwanjani kesho yake Salha aliushika mrija mwenyewe, akamwekea mumewe mdomoni, kama vile anamlisha mgonjwa. Skrini ilitazama umati. Asingeweza kubadilisha kitu. Namba ilipanda, ikaendelea kupanda, na watu walishangilia kwa nguvu zote kwa sababu kila mmoja alijua anatazamwa anavyoshangilia. Swedi aliondolewa. Alijikwaa ngazini, na Salha akasikia sauti yake mwenyewe ikimwita mtu anayefuata.

* * *

Alikwenda kwa Waziri hata kabla hajavua vazi la kazi.

"Mheshimiwa, uliniahidi utaizima ile mashine."

"Nitaizima."

"Lini?"

"Hapo sasa unaongeza vitu ambavyo havikuwemo kwenye ahadi."

"Mume wangu yuko pale! Watu mia na kitu wako pale, pembeni ya tangi la mafuta linalochemka! Basi nirudishie uzi, angalau nijue."

"Uzi ni mmoja," alisema Waziri. "Ama uwe tumboni mwa mashine, ama uwe midomoni mwa raia. Mashine haijawahi kuandika ombi la ramani." Akajishika tumbo, akakunja uso, vidonda vilikuwa vikimsumbua. "Nenda kapumzike, Mhandisi. Unafanya kazi nzuri mno."

Siku ya tatu yake Salha alipita kituoni. Kama mhandisi wa pale aliruhusiwa kukaribia seng'enge. Swedi alikuja upande wa pili, shati limelowa jasho.

"Humu kuna joto," alisema. "Tunalala tumeelekeza miguu kwenye mashine, vichwa mbali. Jana imeanza kutoa mlio mwingine. Kama uji unapotaka kufurika."

"Mlio huo unakuja na kuondoka au haukomi?"

"Unakuja na kuondoka. Ukija, mzee mmoja humu anasoma Yasini." Akajaribu kutabasamu. "Ni mbaya?"

"Nitakutoa," alisema Salha.

"Nimekuuliza kama ni mbaya."

"Nitakutoa, Mwalimu."

* * *

Ilifika zamu ya baraza la mawaziri. Mlezi mwenyewe aliamuru, kwa kuwa alichoka kuona watu asiowajua wakipimwa. Alitaka kuona watu anaowajua.

Kilumanga hakuwa na hofu. Alikuwa amekula nyama tupu tangu juzi. Asubuhi ya siku hiyo alifika mapema kusimamia mitambo, na Salha akamkuta ameinama, mkono tumboni.

"Vidonda, Mheshimiwa?"

"Vinaniua. Na siwezi kula chochote kabla ya kupimwa."

"Kunywa maziwa," alisema Salha. "Maziwa fresh ya ng'ombe, mengi, yanapoza. Maziwa si maharage."

Waziri alimtazama kwa muda. Kisha maumivu yakamshinda, akanywa jagi zima, akafuta midomo, akamshukuru. Salha alimjazia tena.

Mambo ambayo daktari wake hakumwambia, kwa kuwa hakuulizwa, ni haya: watu wazima wengi wa nchi zetu matumbo yao yamekwisha sahau kazi ya maziwa. Sukari ya maziwa hupita bila kumeng'enywa, ikafika chini, ikachachuka kama maharage, na pengine zaidi. Inahitaji muda kidogo tu. Salha aliupata muda huo kwa kuwapima mawaziri wengine kwanza, mmoja mmoja, bila haraka, akisafisha mrija kwa spiriti kila mara.

Kilumanga alipopuliza, skrini ilipita namba ya Swedi, ikapita ya mjane wa Kisimani.

"Uongo!" alipiga kelele. "Sijala maharage! Nimekula nyama tupu siku tatu!"

Maelfu ya watu walisikia, na kila mmoja alijitahidi uso wake usionyeshe kwamba amesikia. Mlezi aliinama mbele kitini.

"Maharage?" aliuliza. "Donati, kwani hiki kipimo kinahusiana nini na maharage?"

Kilumanga alifungua mdomo. Angeweza kueleza, lakini kueleza kungekuwa kukiri kwamba amemdanganya Mlezi kwa muda wote huo. Na kunyamaza kungekuwa kukubali namba. Akachagua kulia. Mlezi alicheka sana, akacheka mpaka msaidizi wake akamletea leso, kisha akaonyesha kwa kidole upande wa kituo cha umeme. Waziri alibebwa kupelekwa bandani akiwa bado ana povu la maziwa masharubuni.

"Na wewe, binti yangu," Mlezi alimwambia Salha, "umempima mkubwa wako bila kutetemeka. Kuanzia sasa wewe ndiye Waziri."

Msiniulize alijisikiaje. Waliokuwa karibu wanasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepata nafuu ya jino.

* * *

Aliomba mambo matatu papo hapo, amepiga magoti: uzi urudi kwenye mashine, mashine izimwe, watu wa bandani waachiliwe.

Mlezi alikubali yote. Hakuwa mtu mbaya alipokuwa amefurahi.

"Uzi chukua hata sasa. Mashine utazima kesho baada ya Sikukuu, maana siwezi kuhutubia taifa bila vipaza sauti. Na hao watu wako, nitawasamehe katika hotuba. Mwishoni. Wananchi wanapenda kitu kizuri kikiwa mwishoni."

Sikukuu ilikuwa siku iliyofuata, mchana, jua la utosini, viyoyozi vya mji mzima vimewashwa na vipaza sauti vimefungwa kila nguzo. Alfajiri Salha alikuwa ameurudisha uzi kwa mkono wake. Akawaacha mafundi mbele ya skrini, akaenda kuketi jukwaa kuu, kiti cha waziri, nyuma ya Mlezi, simu mkononi.

Hotuba ilianza. Simu ikatetemeka. Alikuwa fundi mkuu wa zamu, mzee Ngwali, mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi.

"Mheshimiwa Waziri, imepita mwisho wa kipimo. Inapanda tu. Mlio haukomi tena. Tuzime?"

Salha aliuziba mdomo kwa kiganja. "Wahamishe watu kwanza. Watoe bandani, wapeleke ukuta wa mbali."

"Nimemwambia Afande Mpoki. Anasema msamaha bado haujatamkwa."

"Mwambie ni amri ya Waziri."

"Anasema na yule mwingine aliye ndani alikuwa Waziri pia."

Mbele yake mgongo wa Mlezi ulikuwa ukipanda na kushuka kwa maneno. Akizima sasa, vipaza sauti vitakufa katikati ya sentensi, mbele ya taifa zima. Hakutakuwa na mwisho wa hotuba, hakutakuwa na msamaha, na yeye mwenyewe ataingizwa bandani kabla jua halijageuka. Asipozima, labda mashine itavumilia. Ilikuwa imevumilia miezi. Hotuba ilikuwa imekwisha kuvuka nusu. Angalau alidhani hivyo.

"Mheshimiwa?" sauti ya Ngwali iliita. "Salha? Nizime?"

"Subirini hotuba iishe," alisema Salha.

Akakata simu, akaiweka mapajani, akatazama mbele na kupiga makofi wengine walipopiga.

Mlipuko ulisikika hadi mpakani. Kwanza vipaza sauti vilinyamaza, kisha moshi ukapanda mweusi na mnene upande wa kituo, na vipande vya kanga vikiungua vikaelea juu ya mji, vikishuka taratibu juu ya watu waliokuwa wamesimama kwa heshima. Mlezi aliendelea kuhutubia bila kipaza sauti, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia hasikiki. Inasemekana msamaha aliutamka kweli. Waliosimama karibu naye wanaapa waliona midomo yake ikitikisika.

Donati Kilumanga alifia palepale, na watu wengine wengi bandani, na mzee Ngwali mbele ya skrini yake. Kilumanga amezikwa kishujaa. Tume imeundwa, nayo imekwisha kutoa ripoti: Mama Mlezi alizidiwa na furaha.

* * *

Swedi alitolewa akiwa hai. Salha alimkuta hospitalini, wodi ya majeruhi wa moto, mikono imefungwa bandeji hadi mabegani na mguu mmoja umefungwa mnyororo kwenye chuma cha kitanda. Alimwita mlinzi.

"Mfungue huyu. Mlezi amewasamehe."

"Mheshimiwa, msamaha haukusikika," alisema mlinzi, na alionekana kusikitika. "Tunasubiri urudiwe mwakani."

Salha aliketi. Hakukuwa na umeme, na wauguzi walikuwa wakiwapepea wagonjwa kwa vifuniko vya maboksi. Alichukua kifuniko kimoja, akaanza kumpepea mumewe. Akapepea hadi Swedi akafumbua macho.

"Ule uzi uliurudisha?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na moshi.

"Niliurudisha. Alfajiri ya jana."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Nani alikuwa na amri ya kuzima?"

"Mimi."

Swedi alitazama dari. Kitanda cha jirani mtu alikuwa akiguna bila ruhusa, na hakuna aliyemkataza.

"Wakakuuliza?"

"Ngwali alinipigia."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia wasubiri hotuba iishe." Aliacha kupepea. "Msamaha ulikuwa mwishoni, Mwalimu. Angewasamehe mwishoni. Kama ningezima..."

Swedi hakumkatiza. Alingoja amalize, na alipoona hamalizi, akauliza kwa upole, kama anavyouliza darasani mwanafunzi aliyechelewa:

"Hotuba yenyewe ilikuwa inahusu nini?"

Salha akajaribu kukumbuka. Alikuwa ameketi hatua mbili nyuma ya Mlezi, amesikia kila sentensi, amepiga makofi kila palipopigwa. Akainamisha kichwa, akatafuta, akatafuta tena. Hakukumbuka hata neno moja.